Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno: Serotinus, Kutoka Tunda Linalokawia Kuiva Hadi Popo wa Machweo

Mtafsiri wa maandishi ya viumbe hai hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na neno la Kilatini serotinus. Hulikuta katika jina la popo mmoja wa Ulaya, Eptesicus serotinus. Akigeuza kurasa hulikuta tena katika jina la mti wa Amerika ya Kaskazini, Prunus serotina. Na akisoma habari za misitu inayozoea kuungua hulikuta likieleza misonobari inayofungia mbegu zake ndani ya koni kwa miaka mingi. Kamusi ndogo ya Kilatini humjibu kwa maneno mawili tu: "wa kuchelewa". Wengi huishia hapo. Nami niliishia hapo nilipolikuta kwa mara ya kwanza, nikaandika "popo mchelewaji" katika rasimu yangu, na sentensi ikakataa kukaa, kwa sababu msomaji yeyote wa Kiswahili angeuliza mara moja: amechelewa wapi, na nani alikuwa akimngoja?

Maelezo yafuatayo yanaonyesha njia ninayoifuata tangu hapo ninapotaka kulijua neno la namna hii, maana yake na mahali lilikotoka. Nimelitumia neno hilo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa njia ya kutafiti asili ya neno hueleweka vizuri zaidi mtu anapoiona ikifanya kazi juu ya neno moja gumu kuliko anapopewa kanuni kumi zisizo na mfano.

Livunje neno kabla ya kuliamini

Hatua ya kwanza ni kulitenganisha neno katika viungo vyake, kama vile mwalimu wa sarufi anavyotenganisha "wasingalikuja" ubaoni. Serotinus ina viungo viwili. Cha kwanza ni sero, kielezi chenye maana ya "kwa kuchelewa", kinachotokana na kivumishi serus. Cha pili ni -tinus, kiambishi ambacho Kilatini hukipachika kwenye maneno ya wakati ili kupata kivumishi: kutoka cras, yaani kesho, huja crastinus, "wa kesho"; kutoka diu, yaani kwa muda mrefu, huja diutinus, "wa muda mrefu"; na kutoka vesper, jioni, huja vespertinus, "wa jioni". Ukiyaweka maneno hayo pamoja unaona jambo ambalo tafsiri ya kamusi ndogo imelificha. Serotinus halimtaji mtu aliyekosa miadi. Linataja wakati ambao kitu ni chake, kama vile crastinus linavyotaja siku. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni "wa wakati wa mwishomwisho".

Ukienda nyuma zaidi ya Kilatini, wanaisimu huliweka serus pamoja na neno la Kiayalandi cha kale sír na la Kiwelisi hir, yote mawili yakiwa na maana ya "ndefu". Kwa hiyo chini ya kuchelewa kuna urefu: jambo lililochukua muda mrefu ndilo linalofika mwisho. Hatua hii ya nyuma kabisa inatosha kupitiwa haraka, kwa sababu mtu anayetafsiri hahitaji kuishi humo, lakini ni vizuri kujua kwamba ipo.

Wajue wanaofanana naye wasio ndugu zake

Makosa mengi katika kazi hii hutokana na kuunganisha maneno kwa sauti. Kilatini kina sero nyingine yenye maana ya "ninapanda mbegu", ambayo irabu yake ya kwanza ni fupi, ilhali ile ya kuchelewa ina irabu ndefu. Vitabu vingi havichapishi alama ya urefu, hivyo mtu anayesoma kuhusu mazao yanayoitwa serotina anaweza kudhani kwa urahisi kabisa kwamba jina linahusu kupanda. Halihusu. Mtego mwingine ni serotonini, kemikali ya mwilini iliyopewa jina hilo mwaka 1948 na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page. Jina lake limejengwa juu ya serum, ambalo kwa Kilatini ni maji yanayobaki maziwa yanapoganda, na halina uhusiano wowote na jioni wala usingizi wa popo. Hata serenata, wimbo unaoimbwa usiku chini ya dirisha, asili yake ni neno la Kiitaliano la anga safi na tulivu, sereno, ijapokuwa neno la jioni, sera, lililiathiri baadaye kwa sababu watu waliyasikia kama ndugu.

Anayetaka kuihisi hatari hii ndani ya lugha yake mwenyewe aangalie kitenzi chetu -cha. Kuna -cha ya kupambazuka, tunayoisikia katika "kumekucha", "usiku kucha" na "macheo". Kuna pia -cha ya kuogopa kwa heshima, tunayoisikia katika "mcha Mungu" na "uchaji". Methali isemayo "Mchelea mwana kulia hulia yeye" imetoka kwa hiyo ya pili, ya kuogopa. Mtu atakayesema kwamba inamhusu mzazi aliyechelewa atakuwa amefanya kosa lile lile la kuunganisha upandaji na uchelewaji katika Kilatini. Njia ya kujikinga ni moja: usikubali undugu wa maneno mawili mpaka sauti, maana na sarufi zote zikubaliane.

Tafuta wa kwanza kulitumia, na neno alilolipinga nalo

Baada ya kulivunja neno, waulize waliokuwa wakilitumia kazini. Serotinus lilikuwa neno la shamba. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, na Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, wanalitumia kwa matunda na mazao yanayokawia kuiva. Ukilisoma humo utaona kwamba mara nyingi husimama mkabala na praecox, "yenye kuiva mapema". Jozi hiyo ni ufunguo. Neno likipatikana na kinyume chake, mipaka ya maana yake huonekana wazi, na hapa kinyume chake ni uivaji wa mapema wala si uaminifu wa kutunza saa.

Wakulima wetu wana jozi hiyo hiyo. Bwana shamba anapogawa mbegu za mahindi husema kuna mbegu za muda mfupi na mbegu za muda mrefu, na hakuna anayesikia lawama katika hilo la pili. Mbegu ya muda mrefu imefuata tabia yake, na mahali penye mvua nyingi huenda ndiyo bora. Mrumi aliposema tini fulani ni serotina alikuwa akizungumza kwa sauti hiyo ya bwana shamba.

Ushahidi mwingine ulio karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili umo katika Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati 11:14 na katika Waraka wa Yakobo 5:7, Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata inazitaja mvua mbili, temporaneus na serotinus. Watafsiri wa Kiswahili hawakuandika popote kwamba mvua imechelewa. Yakobo 5:7 imeandikwa "mvua ya kwanza na ya mwisho", na huo ni uamuzi mzuri unaostahili kuigwa, kwa kuwa mvua hiyo ya pili, inayokuja karibu na mavuno, huja kwa wakati wake, na mkulima anayesimuliwa na Yakobo anaivumilia kwa sababu anajua kuwa itakuja.

Fuata neno linapohama saa

Hapa ndipo penye utajiri, nami humshauri kila anayejifunza kazi hii asipite haraka. Maneno ya wakati hayatulii. Kilatini kilipogeuka kuwa lugha nyingine, jamaa ya serus iliacha kusema "kuchelewa" ikaanza kusema "jioni": Kifaransa kina soir, Kiitaliano kina sera, Kiromania kina seară. Sababu inaeleweka bila shida, kwani saa za mchana zilizochelewa ndizo jioni yenyewe. Lakini lugha haiwezi kukaa bila neno la kuchelewa, hivyo nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na tarde, ambalo mwanzoni lilimaanisha "polepole". Halafu safari ikajirudia: katika Kihispania tarde leo ni "kwa kuchelewa", na la tarde ni alasiri. Neno la pili limeshika njia ile ile ya la kwanza. Maana ya shambani nayo haikufa kila mahali. Kireno kimeihifadhi katika serôdio, ambalo husemwa juu ya tunda linalokuja mwishoni mwa msimu, na ambalo ni serotinus lenyewe lililosagwa na ndimi za karne nyingi.

Sasa tazama Kiswahili, kwa maana kulinganisha na lugha unayoijua kwa ndani ni hatua ya lazima, wala si pambo. Kitenzi -chelewa kimenyambuliwa kutoka -cha ile ya kupambazuka, kwanza kwa kutendea, kisha kwa kutendwa, na maana yake ya asili ni kukutwa na macheo. Mvuvi aliyekusudia kutoka gizani na maji yanayokupwa, akazinduka jua limeshasimama juu ya bandari, huyo amechelewa kwa maana kamili ya neno: kumemchea. Kwa hiyo Warumi walikuona kuchelewa upande wa jua kuchwa, na lugha yetu ilikuona upande wa jua kucha. Tofauti hiyo ndiyo iliyoharibu sentensi yangu ya "popo mchelewaji". Katika -chelewa mna jambo lililokusudiwa na likakosekana, na asubuhi ni shahidi. Katika serotinus hamna kosa lolote.

Neno la jioni lenyewe, vesper, linafaa kuangaliwa katika hatua hii, kwa sababu popo wengi wamepewa majina kutoka humo. Vesper ilimaanisha jioni na pia upande wa machweo, sawasawa na "magharibi" yetu, ambayo ni swala inayoswaliwa jua likizama na pia ni upande wa dunia. Kutoka vesper Warumi walipata vespertilio, mnyama wa jioni, yaani popo. Wataliano waliligeuzageuza neno hilo mdomoni mpaka likawa pipistrello, na Wafaransa wakalichukua kama pipistrelle. Anayeliona pipistrelle bila kujua hatua za katikati hawezi kuamini kwamba ndani yake mna jioni.

Soma jina la kisayansi kwa makini, kisha mtazame mnyama

Popo wetu alipewa jina na Mfaransa Louis Daubenton, mwanasayansi aliyefanya kazi pamoja na Buffon, mwandishi mashuhuri wa habari za viumbe. Mwishoni mwa miaka ya 1750 aliwachunguza popo wa Ufaransa na kuwatenganisha kwa majina, na mmoja wao akamwita sérotine. Mwaka 1774 Mjerumani Schreber alimpa jina la Kilatini, Vespertilio serotinus, ambalo, ukilitazama sasa kwa macho ya mtu aliyefuata njia hii, lina jioni katika sehemu zake zote mbili. Mwaka 1820 mwanasayansi Rafinesque aliunda jenasi (yaani kundi la spishi zilizo jamaa) ya Eptesicus, na popo huyo baadaye akahamishiwa humo.

Historia hiyo yote unaweza kuisoma katika mstari mmoja wa kitabu ukijua kanuni mbili. Jina linapoandikwa Eptesicus serotinus (Schreber, 1774), mabano hayo yana kazi: yanaeleza kwamba Schreber ndiye aliyemwelezea mnyama, lakini alimweka katika jenasi nyingine, si hii. Kama mabano hayapo, spishi ingali katika jenasi ile ile alimoiweka mtu wa kwanza. Kanuni ya pili ni upatanisho. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsi ya jina la jenasi kama vile vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli, ndiyo maana popo ni serotinus ilhali mti ni Prunus serotina. Anayetafuta katika kamusi atafute umbo la -us, wala asidhani kuwa serotina ni neno jingine.

Baada ya maandishi, mrudie mnyama mwenyewe, maana jina ni ushahidi wa alichofikiri mtoa jina, na si lazima liwe ushahidi wa tabia ya mnyama. Eptesicus serotinus ni popo mkubwa kwa kipimo cha Ulaya, mwenye gramu 15 hadi 35 na mabawa yanayotanda sentimita 32 hadi 38. Hulala darini na katika nyufa za majengo ya zamani. Hutoka kwa kupitia pengo dogo la paa, huruka kwa mabawa mapana yanayopigwa taratibu, huzunguka juu ya malisho na kando ya miti, akikamata mbawakawa wakubwa na nondo. Na hutoka saa ngapi? Wanaowachunguza popo nchini Uingereza wanamhesabu miongoni mwa wanaotangulia kutoka, na mara nyingi huonekana anga ingali na mwanga. Mtu aliyeandika kwamba ameitwa hivyo kwa sababu anatoka amechelewa kuliko wenzake amelisoma jina bila kumtazama popo. Ukichukua maana ya jioni, ile iliyokuwa imekwisha kuingia katika soir ya Daubenton mwenyewe, jina linamkaa vizuri.

Waholanzi walichagua maana nyingine. Wao humwita laatvlieger, yaani arukaye kwa kuchelewa. Wajerumani waliuacha wakati kabisa, wakamwita kwa upana wa mabawa yake. Kulinganisha majina ya kienyeji namna hii husaidia sana, kwa sababu huonyesha ni sehemu gani ya jina ambayo watu wanaoishi na mnyama waliona inafaa kubakizwa.

Kuhusu mimea, habari ni fupi. Prunus serotina huchanua baada ya jamaa zake wengine wa jenasi hiyo, na maana yake ni ile ile ya Plinius. Misonobari kama Pinus banksiana ya Kanada na Marekani, pamoja na mimea ya Protea ya Afrika Kusini, huitwa kwa neno hili kwa sababu huzuia mbegu zake. Koni za msonobari huo hufungwa kwa utomvu mgumu, na moto wa msitu unapopita utomvu huyeyuka, koni zikafunguka, mbegu zikaanguka juu ya majivu ambako hakuna kivuli cha kuzizuia.

Amua utakachoandika kwa Kiswahili

Mwisho wa kazi yote ni sentensi ya Kiswahili, na hapa ushauri wangu ni kuchagua kwa kila mahali badala ya kulazimisha neno moja kila pahala. Kwa mazao, andika "ya muda mrefu" au "yanayokawia kuiva". Kitenzi -kawia kinafaa kuliko -chelewa kwa sababu hakina lawama nzito. Wazee walisema "Kawia ufike", na hawakusema "Chelewa ufike". Kwa mvua, andika "ya mwisho". Kwa misonobari, andika kwamba mti "hufungia mbegu hadi moto upite", kwa kuwa msomaji atafaidika zaidi kwa kuliona tendo kuliko kwa kupewa istilahi. Kwa popo, liache jina la kisayansi kama lilivyo, kisha ulifafanue kwa machweo, neno ambalo Kiswahili kinalo tayari na ambalo linabeba saa na mwelekeo kama vesper.

Tahadhari moja inahitajika kwa wanaoandika juu ya popo wa kwetu. Kuna popo mdogo anayepatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwemo, ambaye Andrew Smith alimwelezea mwaka 1829 na ambaye sasa huitwa Laephotis capensis. Vitabu vya Kiingereza bado humwita serotine wa Cape. Jina hilo limebaki kutoka siku alipokuwa akihesabiwa katika Eptesicus, na katika jina lake la sasa la kisayansi neno la kuchelewa halimo kabisa. Usimfafanue kwa serotinus. Wasemaji wa Kiafrikana humwita popo wa paa, na hilo linaonekana kwa macho: hulala katika mapengo ya paa, jua likichwa hupenya mmoja mmoja na kuzunguka taa ya nje wakifuata wadudu. Katika faharasa yangu maingizo hayo mawili yanakaa hivi:

Eptesicus serotinus (Schreber, 1774): popo wa Ulaya aanzaye kuruka jua linapokuchwa, jina la spishi ni la Kilatini, "wa wakati wa mwishomwisho", na katika Kifaransa lilikaribiana na maana ya "wa jioni".

Laephotis capensis (Smith, 1829): popo mdogo wa Afrika, alalaye mapaani, jina la spishi linataja Cape, Afrika Kusini.